Kati ya -nge- na -ngali-: Lugha ya Anayemuuguza Manusura wa Risasi

Mtu akifa, lugha yetu ina mengi ya kusema. Tuna tanzia, tuna mbolezi, tuna matanga na siku za kukaa pamoja, na hata jirani asiyejua la kusema anajua pa kuketi. Mtu akipigwa risasi akapona, jamaa zake huambiwa jambo moja tu: mshukuruni Mungu, angalau yu hai. Maneno hayo ni ya kweli na yana huruma, lakini pia hufunga mazungumzo. Humwambia mama, mume au ndugu kwamba sehemu yake ya hadithi imekwisha, wakati kwa hakika ndiyo kwanza inaanza. Tukumbuke shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, la tarehe 2 Aprili 2015. Wengi wetu wanafunzi wa Afrika Mashariki tunaijua idadi ya waliouawa, 148. Ni wachache wanaokumbuka waliojeruhiwa, ambao taarifa za siku zile ziliwataja kuwa 79. Na nyuma ya kila majeruhi kulikuwa na watu wa nyumbani ambao hakuna taarifa iliyowahesabu.

Makala haya yanahakiki vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wa kundi hilo lisilohesabiwa. Cha kwanza ni Gabby, kilichotolewa mwaka 2011. Kimeandikwa na Mark Kelly, mwanaanga wa Marekani, pamoja na mkewe Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa jimbo la Arizona. Giffords alipigwa risasi ya kichwa tarehe 8 Januari 2011 karibu na mji wa Tucson, alipokuwa akikutana na wapiga kura wake nje ya duka kubwa. Watu 6 waliuawa siku hiyo. Cha pili ni Let Her Fly cha mwaka 2018, kilichoandikwa na Ziauddin Yousafzai, mwalimu kutoka bonde la Swat nchini Pakistan. Binti yake, Malala, alipigwa risasi ndani ya gari la shule tarehe 9 Oktoba 2012 akiwa na umri wa miaka 15. Waandishi wote wawili walisaidiwa na wanahabari kuandika: Kelly alisaidiwa na Jeffrey Zaslow, Yousafzai na Louise Carpenter.

Vitabu hivi kwa kawaida husomwa kama hadithi za ujasiri wa majeruhi. Mimi nataka kuvisoma kama hadithi za anayeuguza. Hoja yangu ni kwamba kupona kwa jamaa si kurudi alikokuwa kabla ya risasi. Ni safari ya kutoka katika lugha ya masharti, yaani -nge- na -ngali-, kuingia katika lugha ya mambo yalivyo, ambamo aliyejeruhiwa anasema mwenyewe na anayeuguza anakubali kumsikia. Kila kitabu kinafanikiwa pale kinapoifanya safari hiyo, na kinashindwa pale kinapoikwepa.

Nianze na kitenzi chenyewe. Kutokana na kuugua tunapata kuuguza. Kwa umbo, hiki ni kitenzi cha kusababisha, kama vile kupika na kupikisha, au kulia na kuliza. Tungetarajia basi kuuguza kuwe ni kumfanya mtu augue, na maana hiyo ipo. Lakini maana inayotumika zaidi ni kumtunza mgonjwa. Lugha imeziweka maana mbili zinazopingana ndani ya neno moja: anayeumiza na anayetunza wanaitwa kwa kitenzi kilekile. Nimeona wanafunzi wenzangu wakilitaja neno hili kama kichekesho cha sarufi. Nadhani lina ukweli unaovihusu vitabu hivi moja kwa moja, kwa sababu swali linalomnyima usingizi jamaa wa manusura ni hilihili: je, mimi ninayemtunza, si mimi pia niliyemfikisha hapa?

Sasa viambishi. Sarufi tuliyofundishwa inasema -nge- huonyesha sharti ambalo bado linaweza kutimia, na -ngali- huonyesha sharti lililopitwa na wakati. Angekuja ningefurahi: mlango uko wazi. Angalikuja ningalifurahi: mlango umefungwa. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa hapa kwetu Uganda ambako Kiswahili kimetufikia kwa njia nyingi, watu huvichanganya viambishi hivi bila kujali. Kwa uhakiki huu nitaitunza tofauti, maana kila mwandishi amekaa katika kimoja.

Kelly amekaa katika -nge-. Giffords alipigwa upande wa kushoto wa ubongo, upande unaobeba lugha kwa watu wengi, na akapata afasia: anaelewa anachoambiwa, anajua anachotaka kusema, lakini neno halitoki, au linatoka jingine. Hapo mume akawa msemaji. Kila uamuzi ulifuata kanuni moja: Gabby angetaka hivi, Gabby angesema vile. Msomaji hawezi kumlaumu. Mtu akinyamazishwa na jeraha, lazima awepo wa kumsemea, na aliyeishi naye ndiye anayestahili. Lakini angetaka ni neno lenye hatari yake. Linamfanya mgonjwa akubaliane na anayemuuguza kila mara, kwa sababu hana namna ya kukataa.

Mfano mkubwa ni uamuzi wa kwenda angani. Kelly alikuwa ameteuliwa kuongoza safari ya chombo Endeavour, na tukio la Tucson lilitokea akiwa katika maandalizi. Aliamua kuendelea. Chombo kiliruka tarehe 16 Mei 2011, Giffords akiwa amesafirishwa hadi Florida kushuhudia. Siku mbili baadaye, mumewe akiwa angali angani, madaktari wa Houston walimfanyia upasuaji wa kurudisha sehemu ya fuvu iliyokuwa imeondolewa. Katika fasihi nzima ya wauguzaji sijui picha nyingine inayoeleza vizuri kiasi hicho umbali ulio kati ya mgonjwa na anayempenda. Mmoja yuko chini ya kisu, mwingine anaizunguka dunia. Mwandishi mwenye kuthubutu angesimama hapo na kutuambia alivyojihisi bila kujitetea. Kelly anatupa sababu. Anatueleza kazi aliyokabidhiwa, mafunzo yaliyotangulia, na jinsi mke wake mwenyewe angependa aende. Sababu zote zinakubalika, na ndiyo maana sehemu hii ya kitabu inasomeka kama ripoti inayoomba muhuri wa msomaji. Mwanaanga amefundishwa kwamba kila tatizo lina orodha ya hatua za kulitatua. Kuuguza hakuna orodha hiyo.

Hata hivyo kitabu kina sehemu mbili ambazo lugha ya masharti inavunjika. Ya kwanza ni safari ya ndege kutoka Houston kwenda Tucson siku ya tukio. Kelly akiwa njiani na mama yake na binti zake wawili, vyombo vya habari vilitangaza kwa makosa kwamba Giffords amekufa, nao wakaiona habari hiyo kwenye televisheni ya ndege. Kwa muda mfupi familia ile iliomboleza kifo ambacho hakikutokea. Kisha wakapata habari kwamba yu hai. Msomaji wa haraka huona hapo faraja tu. Lakini tukio hili linaeleza vizuri hali ya jamaa wa manusura: ameshaonja msiba, kisha ameambiwa aurudishe. Hakuna matanga ya msiba uliorudishwa. Machozi yale hayana pa kwenda, na kwa maoni yangu yanaendelea kutoka kidogo kidogo katika kurasa zote zinazofuata, hata pale mwandishi anapojitahidi kutuchangamsha.

Ya pili ni ya gazeti. Wiki kadhaa baada ya tukio, Kelly alikuwa akimsomea mkewe habari iliyomhusu, na alipofika kwenye aya iliyotaja waliouawa, akairuka. Giffords hakuwa bado ameelezwa habari ya vifo vile. Hakuweza kusema sentensi nzima, lakini alitambua kwamba kuna aya imerukwa, akalivuta gazeti. Hapo anayeuguza anashikwa katika tendo la upendo ambalo pia ni tendo la kumnyima mtu ukweli wake. Kuuguza kwa maana zote mbili. Na ni mgonjwa anayemkumbusha kwamba yupo: kimya chake si idhini. Kama kitabu kizima kingeandikwa kwa jicho la tukio hili, kingekuwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya aina yake.

Sura ya mwisho inajaribu kufanya hivyo. Kelly anampisha mkewe, naye anaandika kwa sauti yake: ukurasa mmoja na kitu, sentensi fupi, maneno machache. Darasani tulipoijadili sura hii, mwenzetu mmoja alisema ni udhaifu wa kimtindo, kwamba inakatisha mtiririko wa kitabu. Mimi naona kinyume. Baada ya mamia ya kurasa za angetaka, hatimaye tunasikia nataka. Sentensi zimekatika kwa sababu zimetoka mahali palipokatika, na ufupi wake unatufanya tuyatilie shaka maelezo marefu yaliyotangulia. Kasoro ni kwamba Kelly ameiweka mwisho kabisa, kama shada la maua, badala ya kuiacha iulize maswali katikati ya kitabu.

Kasoro nyingine ni ya wakati. Kitabu kilitoka Novemba 2011, mwaka uleule wa tukio. Kiliandikwa wakati ambapo mwandishi bado angeweza kuamini kwamba Gabby wa zamani yuko njiani anarudi. Filamu ya maisha yake ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Julie Cohen na Betsy West, inatuonyesha mwanamke mchangamfu, mwenye msimamo, ambaye bado anayatafuta maneno zaidi ya miaka kumi baadaye. Gabby wa zamani hakurudi. Alikuja mwingine, na kitabu kiliandikwa mapema mno kiasi kwamba hakikuweza kumpokea.

Yousafzai alisubiri miaka sita, na subira hiyo inaonekana. Yeye amekaa katika -ngali-. Swali lake ni ningalimzuia. Na halikuwa swali la kubuni. Mapema mwaka 2009, Taliban walipokuwa wakipiga marufuku shule za wasichana katika bonde la Swat, idhaa ya Kiurdu ya BBC ilitafuta msichana wa kuandika shajara ya maisha yake. Inajulikana kwamba msichana wa kwanza alizuiwa na wazazi wake kwa hofu. Malala, akiwa na miaka 11, aliandika kwa jina la kubuni la Gul Makai, na baba yake aliridhia. Wazazi wa yule wa kwanza walisema hapana, huyu alisema ndiyo. Miaka mitatu na ushei baadaye akapigiwa simu akiwa katika mkutano wa wenye shule binafsi kwamba gari la shule yake limeshambuliwa.

Methali inasema majuto ni mjukuu. Tunaitumia kumwonya mtu anayefanya upumbavu, na maana yake ya ndani ni kwamba anayejuta alikosea. Methali hii haimfai Yousafzai. Alimfundisha binti yake kusema kweli, na aliyekosea ni aliyeshika bunduki. Hata hivyo majuto yalimjia. Hapa kitabu kinatufundisha jambo ambalo hekima yetu ya methali haikulitamka: kuna majuto yasiyo na kosa, nayo ni magumu zaidi kuponya, kwa sababu hayana la kutubia. Aliyekosea anaweza kuomba radhi. Asiyekosea anabaki na -ngali- yake mkononi.

Nguvu ya Let Her Fly ni kwamba mwandishi haikimbilii fahari. Angeweza, kwa kuwa Malala alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2014, na tuzo ya namna hiyo ni jibu tayari kwa kila mwenye kuuliza kama ilistahili. Badala yake anarudi nyuma kwenye nyumba aliyolelewa: baba aliyekuwa mhubiri hodari, dada watano ambao hawakupelekwa shule, na yeye mwenyewe mtoto mwenye kigugumizi. Kigugumizi hicho kinanigusa kama msomaji kwa sababu kinamweka karibu na Giffords bila yeye kukusudia. Mtu aliyeokota maneno kwa shida utotoni anajua kwamba sauti si kitu cha kugawiwa na mwingine. Ndiyo maana anapomzungumzia binti yake hujitahidi kueleza alichojizuia kufanya zaidi ya alichofanya.

Jina la kitabu ningelitafsiri Mwacheni Aruke, na tafsiri hiyo inafungua jambo ambalo halimo katika jina la asili. Kwa Kiswahili kuacha ni kuruhusu, na pia kuacha ni kuondoka na kumwacha mtu. Baba huyu alipitia maana zote mbili. Malala aliposafirishwa kwenda Birmingham, Uingereza, tarehe 15 Oktoba, wazazi walibaki Pakistan, wakafika siku kumi baadaye. Binti alizinduka katikati ya wageni, mpira kooni, hawezi kusema, na kwa maandishi aliulizia habari za baba yake. Aliyelala kitandani ndiye aliyekuwa akimhofia aliye mbali. Kelly alimwacha mkewe kwa hiari yake, Yousafzai alimwacha mwanawe bila hiari, na wote wawili waligundua kwamba majeruhi naye huuguza.

Sura ninayoiona bora zaidi ni ile ya wana wa kiume, Khushal na Atal. Hawa hawakupigwa risasi. Walichofanyiwa ni kung'olewa kutoka nyumbani, shuleni na kwa marafiki, wakapandwa katika mji wa baridi ambamo kila mgeni aliuliza habari za dada yao. Baba anasimulia ugomvi wake na Khushal kuhusu masomo, na jinsi alivyojikuta akiitumia sauti ya ukali aliyoirithi. Hakuna hotuba hapa, hakuna ukumbi wa kupiga makofi. Kuna baba na kijana wake ndani ya nyumba ya ugenini, na baba anajifunza kunyamaza. Risasi moja ilimpata mtoto mmoja lakini ilibadili watoto watatu, na kitabu kinalikubali hilo bila kulipamba.

Lakini kitabu hiki nacho kina aya kilichoiruka. Ni aya ya Toor Pekai, mama. Kwa mujibu wa I Am Malala, kitabu cha binti mwenyewe cha mwaka 2013, siku ile ya risasi mama alikuwa akianza masomo ya kusoma na kuandika. Kitabu hichohicho kinasimulia kwamba hospitalini mume alimuuliza kama kosa lilikuwa lake, naye akamjibu kwamba hakumtuma mtoto kuiba wala kuua. Kwa jibu hilo fupi alimfungulia mumewe kifungo cha -ngali-. Na kinaeleza kwamba Malala alipojaribu kucheka, huku upande mmoja wa uso ukiwa umepooza, kivuli kilipita usoni mwa mama yake. Let Her Fly kimempa mama sura yake, yenye mapenzi na heshima, lakini ni sura ya mume kuhusu mke. Mwanamume anayesifiwa duniani kwa kumpa binti sauti anasimulia kwa niaba ya mkewe. Sisemi hivi kumkejeli. Anaonekana kuijua kasoro hiyo, na anaeleza kwa furaha jinsi Toor Pekai alivyoanza tena masomo huko Birmingham. Hata hivyo mhakiki analazimika kuuliza: yule aliyewauguza wote, nani alimuuguza?

Vitabu vyote viwili vina kimya kingine ambacho msomaji wa kanda yetu atakiona haraka. Ndani yake kuna ndege, madaktari bingwa na serikali zinazopiga simu. Kwetu, kuuguza kuna sura nyingine. Jamaa analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, anafua, anapika, anatafuta dawa dukani ikiwa haipo wodini, na analinda zamu yake ya kazi isipotee. Hana muda wa kujiuliza ningalimzuia mpaka usiku. Kelly na Yousafzai hawana lawama kwa kutoyaandika ambayo hawakuyaishi. Lawama, kama ipo, ni yetu tunaosoma na kuandika Kiswahili. Riwaya na tamthilia tunazosoma zina vita, zina maiti, zina wajane. Ni mara chache zinamfuata aliyepona hadi nyumbani, na ni mara chache zaidi zinakaa na aliyemfungulia mlango.

Kwa kuhitimisha, nikilazimika kuchagua ningekiweka Let Her Fly juu ya Gabby, kwa sababu mwandishi wake aliipa -ngali- muda wa kuzungumza kabla ya kuinyamazisha. Ukurasa ule mmoja wa Giffords mwenyewe, hata hivyo, una uzito kuliko ukurasa wowote wa baba wa Malala, kwa kuwa hapo hakuna anayesema kwa niaba ya mtu. Kitabu ninachokikosa ni kile ambacho kingeunganisha mambo hayo mawili, na nadhani mwenye haki ya kukiandika ni mwanamke aliyeanza kujifunza herufi siku mwanawe alipopigwa risasi. Ningependa kukisoma. Nimetumia -nge- kwa makusudi.